Mmea Unaotaka Kuguswa

Shina changa la mnyanya lina vinyweleo. Ukilipitisha taratibu kati ya vidole viwili utavihisi, vingine virefu na vikavu, vingine vifupi vyenye kitone cha utomvu kichwani. Vitone hivyo hupasuka vikiguswa, na harufu inayotoka hapo si ya tunda wala ya ua. Ni kali, mbichi, na aliyewahi kuinusa utotoni haisahau. Endelea kuyashika majani kwa muda na vidole vitabadilika rangi, kwanza manjano, kisha kijani inayoelekea weusi. Ukinawa kwa sabuni, povu nalo hutoka la manjano. Mtoto anayeliona povu hilo kwa mara ya kwanza hupiga kelele kuwaita wenzake. Ameushika mmea, na mmea umemwachia alama.

Ninaotesha nyanya na wanangu hapa Dar es Salaam, katika uwanja mdogo wa nyumba ya kupanga ambao sehemu yake kubwa ni saruji. Tunatumia ndoo za rangi zilizotobolewa chini, madumu ya mafuta ya kula yaliyokatwa, na viroba vya unga vilivyojazwa udongo na samadi. Kila msimu jambo lile lile hunijia upya: kati ya mimea yote inayoweza kukaa kwenye ndoo, huu ndio unaoihitaji mikono ya watoto kuliko mingine. Mchicha huota haraka zaidi. Haragwe lina mbegu kubwa, rahisi kushikwa, ndiyo maana shule hupenda kuliotesha kwenye pamba yenye maji. Lakini vyote viwili vikishafukiwa humaliza safari vyenyewe, mtoto akibaki mtazamaji. Mnyanya, kuanzia mbegu hadi tunda, una mahali pengi ambapo mkono mdogo huingia ukafanya kazi ya kweli.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu tunawalea watoto wa mjini kwa katazo moja. Usiguse udongo, utachafuka. Usiguse sahani, utavunja. Usiguse ua hilo, ni la mwenye nyumba. Sababu nyingine ni za haki kabisa: kuna umeme, kuna uji wa moto, kuna bodaboda zinazopita mlangoni. Hata hivyo mtoto aliyekatazwa kugusa hubaki na macho peke yake, na siku hizi macho hayo tumeyakabidhi kwa simu. Kitu chenye uhai hakijulikani kwa macho tu. Ni lazima ukishike, ukikosee, nacho kikujibu.

Mbegu za kwanza hazihitaji kwenda duka la pembejeo. Ziko jikoni. Nyanya zinazoliwa Dar es Salaam nyingi hutoka mbali, Ilula mkoani Iringa, Dumila na milima ya Mgeta mkoani Morogoro, Lushoto. Husafiri usiku kwenye malori, zikafika sokoni zikapangwa mafungu au kupimwa kwa sado. Zile za kupendeza, ngumu, huvunwa zikiwa bado zinaelekea rangi ya chungwa ili zihimili safari. Kwa mbegu, mimi humwambia binti yangu aziache hizo. Atafute nyanya masalo, zilizoiva hadi zimelegea, ambazo mama muuzaji huziweka pembeni na kuziuza kwa bei ya kutupa. Tunda lililoiva kupita kiasi limeilea mbegu yake hadi mwisho. Mtoto wa miaka saba anayeinama sokoni kuchagua nyanya mbaya, akakataa nzuri, huwashangaza watu, na yeye hufurahia kuwaeleza kwa nini.

Nyumbani tunalikata tunda kwa mkingamo na vyumba vyake vinaonekana, kila kimoja kimejaa mbegu zilizolala ndani ya ute. Hapo mdogo wake wa kiume, mwenye miaka mitano, hutumbukiza kidole. Mbegu zinateleza, zinakimbia, hazikubali kushikwa moja moja. Ute huo una kazi yake. Ndani ya tunda kuna unyevu wa kutosha na joto la kutosha kwa mbegu kuota, na zingeota humohumo kama si vizuizi vilivyomo kwenye nyanya yenyewe na kwenye ute unaoizunguka kila mbegu. Mara chache, katika nyanya iliyokaa sana, vizuizi hivyo huisha nguvu, na ukiikata unakuta vichipukizi vyeupe vimejikunja ndani. Wanangu walipoiona moja ya namna hiyo walikataa isipikwe.

Ili mbegu iote, basi, lazima ivuliwe ute. Njia ya vitabu ni kuiacha mbegu na maji yake kwenye glasi siku mbili au tatu hadi ichachuke. Utando mweupe hujitandaza juu, harufu inakuwa mbaya, nao watoto huja kunusa kila saa kwa furaha ya kuchukizwa ambayo watu wazima tumeipoteza. Ukimimina maji na kusuuza, mbegu nzima huzama chini na zile tupu huelea zikaondoka. Katika joto la Dar es Salaam usizidishe siku, la sivyo zitaanza kuota humo kwenye glasi. Mama yangu hana habari na glasi. Yeye huziweka mbegu kiganjani, akazinyunyizia majivu ya mkaa, akazisugua kwa kidole gumba mpaka ute wote unashikwa na majivu, kisha akazianika juu ya kipande cha gazeti kivulini. Binti yangu aliamua kujaribu njia zote mbili, akaandika kwa penseli GLASI kwenye bahasha moja na BIBI kwenye nyingine. Zote ziliota. Zikikauka, mbegu za nyanya huonekana zina manyoya, fedha hafifu, na ukizimwaga mkononi hazitelezi tena.

Kuna jambo moja la kumwambia mtoto mapema. Wakulima wengi wa biashara leo hupanda mbegu chotara za kununuliwa, na mbegu inayotolewa kwenye tunda la chotara haitazaa mmea unaofanana na mama yake. Miche itatoka mbalimbali kama watoto wa tumbo moja, huyu mrefu, yule mfupi, mmoja anachelewa. Anayetaka uhakika atafute aina zisizo chotara. Tanya na Tengeru 97, kwa mfano, ziliidhinishwa mwaka 1997 baada ya kazi ya watafiti wa Tengeru, Arusha, na Kituo cha Kimataifa cha Mboga, na mbegu zake unaweza kuzitunza mwaka hadi mwaka. Kwa mkulima anayetafuta ada ya shule, tofauti hiyo ni kubwa sana. Kwa watoto wawili wenye ndoo sita ni jambo la kuwakesha: hawajui kitakachotokea, nami pia sijui, na hakuna mtu duniani anayejua. Ni maswali machache sana ambayo mtoto na mzazi huyaingia wakiwa sawa kiasi hicho.

Tunasia mwishoni mwa Aprili, masika inapoanza kulegea. Si desturi tu. Miezi ya Januari na Februari usiku wa Dar es Salaam huwa na joto la nyuzi 25 hivi, na mnyanya haupendi usiku wa namna hiyo; maua yake hudondoka bila kushika tunda. Ukisia Aprili, maua hukutana na kipupwe cha Juni na Julai, usiku ukiwa umeshuka chini ya nyuzi 20 au karibu na hapo. Mtoto anaweza kulielewa hili bila kipimajoto. Muulize ni miezi gani yeye mwenyewe hulala vizuri.

Kitalu chetu ni trei la mayai la karatasi. Kila kishimo hupewa udongo laini na mbegu mbili, zikifukiwa kina kisichozidi sentimita moja, na kinachofuata ni siku ambazo hakuna kitu cha kuona. Halafu asubuhi moja, kwa kawaida juma moja hivi baadaye, shina dogo linatokea likiwa limejikunja, mgongo juu, kichwa bado kiko ardhini. Ndivyo mche unavyolinda majani yake yasichubuliwe na udongo: hutanguliza mgongo. Likishapata mwanga hujinyoosha, na mara nyingine ganda la mbegu hubaki limeng'ang'ania ncha za majani mawili ya mwanzo, mche ukisimama na kofia isiyovuka. Hakuna mtoto anayeweza kuiangalia kofia hiyo bila kutaka kuivuta. Ukiivuta kavu, unaweza kukata kichwa chote. Ukiweka tone la maji likalowa kwanza, au mate ya mtoto mwenyewe kwenye ncha ya kidole, ganda hulegea, kisha linavuka. Kijana wangu amekuwa mtaalamu wa kazi hii. Vidole vyangu ni vinene mno kwayo, na yeye anajua hivyo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Miche ilipofika kimo cha kidole, binti yangu alikuwa na tabia ya kuipapasa. Akirudi shule, kabla ya kuvua sare, alipitisha kiganja juu ya trei lote, kwenda na kurudi, kama mtu anayelainisha shuka. Jirani mmoja alimwona, akamwambia kwa upole kabisa: mwanangu, acha, utaidumaza. Jirani alisema kweli, ila hakujua kwamba kudumaa kwa namna hiyo ndiko kunakotakiwa. Mche wa nyanya unaolelewa mahali pasipo upepo hukimbilia juu, mwembamba, mweupe shingoni, na ukitolewa nje huanguka. Mche unaosukwasukwa hupunguza urefu na kunenepesha shina. Wataalamu wa vitalu wamelijaribu hili kwa miaka mingi, wakipitisha ufito au karatasi juu ya maelfu ya miche mara kadhaa kwa siku, na miche iliyoguswa ikatoka mifupi, migumu, imara kuliko ile iliyoachwa. Mmea hauna mishipa ya fahamu, lakini seli zake huhisi kupindwa, na mwendo wake wa kukua hubadilika. Porini kazi hiyo hufanywa na upepo. Kwetu hufanywa na kiganja cha mtoto aliyetoka shule.

Nilipomweleza binti yangu, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa hiyo wanajua kama ni mimi?" Nilimjibu kwamba hawajui ni nani, ila wanajua wameguswa. Aliona inatosha.

Shule niliyosoma mimi ilikuwa na shamba, na hapo nilijifunza kuuchukia udongo. Aliyechelewa namba alipewa hatua kadhaa za kulima. Aliyezungumza darasani alipewa tuta la kupalilia. Aliyekosa hesabu alikwenda na ndoo kumwagilia, na aliyefaulu alisamehewa jembe. Hakuna aliyetamka kwamba kilimo ni adhabu. Mpangilio wenyewe ulitamka kila siku. Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi 1967 alitaka kitu kingine kabisa. Shule iwe pia shamba, ndiyo, lakini wanafunzi wenyewe washiriki kupanga na kuamua, waone matokeo ya uamuzi wao, wajue faida imekwenda wapi. Shuleni kwetu kulima kulibaki, kuamua kukadondoka njiani. Tulilima mahindi ambayo hatukuyachagua, kwenye mistari iliyopimwa na mtu mwingine, na mavuno hatukujua yaliishia kwa nani. Mtoto akifundishwa kwamba shambani ndiko anakopelekwa mkosaji, atatoroka akipata mwanya. Wengi wa rika langu tulitoroka. Tuna vyeti, tuna nyumba za kupanga zenye viwanja vya saruji, na tunanunua nyanya kwa fungu bila kujua shina lake likoje mkononi.

Kwa sababu hiyo nyumbani kwetu hakuna anayetumwa kwenye minyanya kwa kosa alilofanya. Wala haiwi zawadi ya aliyefanya vizuri. Kila mtoto ana ndoo zake, na maamuzi ya ndoo hizo ni yake, hata yale ninayoona yatamgharimu. Binti yangu alitaka moja ikae karibu na bomba ili asibebe maji mbali. Pale ukuta hufunika jua hadi saa sita mchana. Nilimwambia mnyanya unataka jua la muda mrefu kuliko hilo kwa siku, akasikia, akaiacha palepale. Baada ya muda mche ule ukarefuka na kuegemea upande wenye mwanga, ilhali wenzake walikuwa wamenyooka. Jioni moja alisaidiana na mdogo wake kuiburuta ndoo hadi kwenye jua, bila kusema neno, na mimi sikusema.

Siku ya kupandikiza ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mche mwingine ukiupandikiza lazima ulinde kimo chake: ukifukia shina la mpapai zaidi ya lilivyokuwa, linaoza. Shina la mnyanya likifukiwa hutoa mizizi. Likague kwa karibu na utaona vijipele vidogo sehemu ya chini. Kila kimoja ni mzizi unaosubiri giza na unyevu. Kwa hiyo tunachimba shimo refu, tunang'oa majani ya chini, tunalaza shina ndani hadi karibu na majani ya juu. Watoto hawaamini mara ya kwanza. Mche walioulea hadi ukapata kimo unafukiwa nusu yake, nao wanaangaliana. Juma likipita mche unashika, unaanza kwenda juu kwa kasi, na wanaelewa kwamba kilichofukiwa hakikupotea.

Tabia hiyohiyo ya shina humsaidia mtoto mwenye mkono mzito. Kijana wangu aliwahi kuvunja mche wake katikati alipokuwa akiufunga kwenye kijiti. Kilio kilisikika mtaani. Bibi yake alikichukua kipande cha juu, akakitia kwenye glasi ya maji, akaiweka dirishani bila maelezo. Mizizi myeupe ikaanza kutokeza, na yeye akawa anaihesabu kila asubuhi kabla ya chai. Kule kwenye ndoo, kisiki nacho kilichipua kwenye makwapa ya majani yaliyobaki. Mche mmoja ukawa miwili. Ninawajua wazazi ambao mche wa mtoto ukifa huamka usiku wakaubadilisha na mwingine, ili asubuhi akute mambo shwari. Nawaelewa, kwani hakuna anayependa kumwona mtoto analia. Lakini mtoto huyo ameibiwa mche mara mbili: wa kwanza uliokufa bila yeye kuuaga, na wa pili ambao si wake.

Maana mingine hufa kweli. Kinyausi huingia kitaluni udongo ukilowa sana: jioni miche imesimama, asubuhi imelala chini, shingo zimenyong'onyea kama uzi, wala hakuna dawa ya kuirudisha. Mnyauko wa bakteria huupiga mmea mkubwa ukiwa na matunda, ukanyauka wote ungali kijani. Halafu kuna kantangaze. Nyumbani kwa mnyanya ni Amerika ya Kusini, na kipepeo huyu mdogo wa usiku ni wa hukohuko. Mmea ulivuka bahari karne nyingi kabla yake, yeye akaufuata akichelewa. Mwaka 2006 alionekana Hispania, na mwaka 2014 akawa ameshafika Tanzania, akianza kutajwa na wakulima wa kaskazini ambao mashamba yao aliyamaliza. Kiwavi wake huishi ndani ya jani, kati ya ngozi ya juu na ya chini, akila nyama katikati na kuacha madoa makavu yanayopitisha mwanga. Kwa mkulima wa Ilula ni msiba wa kifedha. Kwa ndoo sita, dawa yetu ni vidole: watoto huyainua majani yaelekee jua, wanamwona kiwavi kivuli chake ndani ya doa, wanambinya. Binti yangu aliuliza kama ni dhambi. Tulizungumza sana jioni ile, na hatukufika mwisho.

Mkono wenyewe pia unaweza kuleta maradhi, na hili lazima lisemwe na kila anayesifu kugusa kama ninavyosifu mimi. Kuna virusi vinavyoshambulia tumbaku ambavyo hushambulia pia nyanya, kwa kuwa mimea hii miwili ni ya ukoo mmoja, pamoja na biringanya, pilipili, mnavu na viazi mviringo. Virusi hivyo huweza kubaki hai kwenye tumbaku iliyokaushwa. Mvutaji akitoka kuzima sigara akashika mche, anaweza kuupaka ugonjwa. Majani yenyewe nayo yana sumu hafifu. Huguswa, hayaliwi, na baada ya kuguswa mtu hunawa. Watoto walizishika sheria hizi haraka kuliko nilivyotarajia, na mjomba wao alipokuja Jumapili moja alikutana nazo mlangoni.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba, mama. Nionyeshe basi hizo nyanya zako."

"Umevuta sigara leo?"

"Moja tu, pale kituoni."

"Basi usiguse mpaka unawe. Na sabuni."

Mjomba alinawa. Nilifurahi mno kulisikia katazo hilo kinywani mwa mtoto, likiwa na sababu ambayo yeye mwenyewe angeweza kuieleza hadi mwisho.

Maua ya mnyanya ni madogo, ya manjano, yanatazama chini kama yameona haya. Chavua imefungiwa ndani ya mrija uliofanywa na vichwa vya dume vilivyoshikana, na haitoki kwa kupapaswa tu, inataka mtetemo. Nyuki wa asali hawajui kuutoa. Wanaoujua ni wale nyuki wakubwa weusi wanaotoboa mbao za paa: mmoja hulikumbatia ua, anatikisa misuli ya kifua bila kupiga mabawa, mlio wake unabadilika ukawa mkali zaidi, na chavua inamwangukia tumboni. Upepo nao husaidia. Katika nyumba za kioo za Ulaya, ambako upepo hauingii, hadi miaka ya 1980 vibarua walipita ua kwa ua wakiwa na kifaa cha umeme cha kutetemesha, kabla ya kuanza kufuga nyuki wa kazi hiyo. Uwanjani kwetu, kati ya kuta, upepo ni haba na nyuki weusi ni wachache. Kazi ni ya watoto. Saa nne asubuhi, siku zisizo za shule, hukigonga kila kishada kwa kidole, pole, mara kadhaa, huku kijana akivuma kwa mdomo ili ua lisijue tofauti. Vumbi la manjano hafifu huonekana kwenye kucha. Siku chache baadaye petali hukauka na nyuma yake kuna kijitunda cha kijani, kidogo kuliko punje ya mtama.

Baada ya hapo ni maji, tena kwa mpangilio. Ukimwagilia leo sana na kesho ukasahau, kalsiamu haifiki vizuri kwenye tunda, na kitako chake huoza, doa jeusi lililobonyea. Maji ya kisima cha mtaani kwetu yana chumvi, kama visima vingi vya Dar es Salaam. Mnyanya huvumilia chumvi kiasi, lakini hulipa: matunda hutoka madogo. Yanakuwa matamu zaidi vilevile, kwa kuwa maji machache yanaingia na sukari inabaki pamoja. Watoto hawajali udogo wake. Wanayala palepale yangali na joto la jua, na juisi inawafika viwikoni.

Mwaka huu tunda moja la ndoo ya binti yangu lilizidi mengine yote, kubwa, zito, jekundu hadi kwenye mabega, jambo lisilo la kawaida hapa kwetu ambako joto likipita nyuzi 30 wekundu hugoma na tunda hubaki la chungwa. Kila mtu alilitamani. Mama yangu alitangaza kwamba hilo haliliwi. Ni la mbegu. Aliye bora hubakizwa, alisema, ndivyo walivyofanya wazee wake kwa mahindi, hata mwaka wa njaa.

Kijana alilia kwa hasira. "Kama kila mwaka lililo zuri haliliwi, tutakula lini zuri?"

Mama yangu alimtazama kwa muda mrefu, kisha akacheka, maana katika maisha yake yote ya kutunza mbegu za mahindi hakuwahi kuulizwa hivyo. "Mahindi, mjukuu wangu, ukila umekula mbegu yenyewe. Hii ni nyanya. Mbegu tunatoa, nyama inabaki. Kalete kisu na chumvi, na umwite dada yako akakamate bahasha."

Alilikata kwa mkingamo. Binti yangu alizichokoa mbegu kwa kidole na kuziweka kwenye glasi, kisha vipande vikagawanywa, kila mmoja chake, na kimoja kikapelekwa kwa jirani aliyesema miche itadumaa.